Fimbo Kwenye Msumari

Watu wakisikia kwamba mume wangu na kaka yake waliendesha tramu kwenye mstari mmoja kwa miaka bila kusemezana, hucheka. Wanadhani ni kichekesho. Mimi sikucheka hata siku moja, maana nilikuwa mke wa mmoja na kondakta wa mwingine, na siku ile ya mvua nusura niwapoteze wote wawili kwa mpigo.

Nianze na mlima, kwa sababu bila mlima kusingekuwa na fimbo. Mstari wetu ulianzia hospitali kuu huko juu, ukateremka hadi shule ya wasichana, na sehemu hiyo yote reli zilikuwa mbili, ya kwenda na ya kurudi. Baada ya shule mtaa unabanwa, nyumba za ghorofa upande huu na ukuta wa mawe upande ule, mteremko unakuwa mkali, na waliotandaza reli zama za farasi hawakupata nafasi ila ya njia moja. Njia hiyo ilishuka, ikapinda kwenye kona ya ukuta, ikaenda kuishia sokoni. Tramu moja ikiwa huko chini, nyingine haina ruhusa ya kuingia. Zikikutana pale konani hakuna wa kumpisha mwenzake, na inayoteremka, reli zikiwa zimelowa, haisimami kirahisi.

Ndiyo maana kulikuwa na fimbo. Ilikuwa ya mti mgumu, nene, imefungwa pete za shaba, na ilikuwa moja tu. Dereva asiye nayo haingii njia moja hata akiitwa na mama yake mzazi. Anayepanda kutoka sokoni anafika shuleni, anamkabidhi mwenzake anayengoja kuteremka, mkono kwa mkono, na anasema kwa sauti, "Njia ni yako." Mwenzake anajibu, "Nimeipokea." Mkwe wangu, baba wa hao ndugu wawili, aliyasema maneno hayo tangu enzi za tramu za kukokotwa, alipokuwa akifunga farasi wa ziada mbele ili aumudu mlima. Umeme ulipokuja farasi waliuzwa, waya zikatundikwa juu ya mitaa, watu wakazoea kupanda bila kunusa samadi. Fimbo ilibaki, na maneno yake yakabaki.

Walioyaua maneno ni wanawe.

Kulitokea mgomo. Madereva walikaa nje ya lango la karakana wakidai saa za kazi zipunguzwe, na msemaji wao alikuwa shemeji yangu, kaka wa mume wangu. Ni mtu asiyepindika. Wenzake walimwita Chuma, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Mume wangu aligoma nao mpaka mtoto wetu alipozidiwa na homa. Kampuni iligharimia matibabu ya familia za waliokuwa kazini tu. Asubuhi moja mume wangu akapita katikati ya wenzake, ameinamisha kichwa, akaitoa tramu. Mtoto alipona, mgomo ukavunjika. Sijuti, wala sitajuta, na yeyote mwenye hamu ya kunilaumu aje na mtoto wake mgonjwa mikononi ndipo tuzungumze.

Chuma hakumpiga mdogo wake wala hakumtukana. Alimwangalia mara moja, akageuzia uso ukutani, na tangu siku hiyo hakumtazama tena. Mwanzoni mume wangu alikuwa akimwamkia. Kila wakipishana, "Shikamoo, kaka," na kaka anatazama madirisha ya watu. Alipochoka kuamkia kisogo, naye akaanza kugeuza uso wake. Basi ikawa hivyo: tramu mbili zikipishana huku juu, dereva mmoja anachungulia kushoto, mwingine kulia, utadhani kila mmoja ana nyumba anayotaka kuinunua.

Kampuni haikujua, au haikujali, ikawapanga mstari mmoja. Sasa utamkabidhi vipi fimbo mtu usiyetaka kumwona? Mmoja wao, na hadi leo kila mmoja anasema si yeye, alipigilia msumari kwenye nguzo ya taa mbele ya shule. Anayepanda anaitundika, anaendelea na safari. Anayeteremka anaikuta, anaichukua. Hakuna mikono iliyogusana, hakuna neno. Na mimi nikawa posta yao. "Shemeji, mwambie mumeo breki yake ya nyuma inalia." Nikifika nyumbani nasema. "Mwambie shemeji yako asikilize ya kwake." Nilikuwa nimechoka nao mpaka nikatamani kuwafungia chumba kimoja na kutupa ufunguo.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imeanza mchana, ile isiyo na haraka, inayonyesha kama imelipwa. Tulitoka hospitali tukiwa tumejaa: wauguzi waliomaliza zamu, wagonjwa na ndugu zao, miavuli inachuruzika kwenye miguu ya watu. Vioo vya pembeni vilikuwa vimeota ukungu. Mimi nilikuwa nimebanwa katikati, nakata tiketi huku mtu amenikanyaga. Chuma alikuwa mbele, kwenye jukwaa la dereva. Tramu zetu zilikuwa za zamani, mbele ziko wazi, dereva anaendesha amesimama, na mvua yote ni yake.

Kabla ya kufika shuleni nilisikia kengele ya tramu nyingine, nikaona kwenye ukungu wa kioo umbo kubwa la kijani likipita upande wa pili, likipanda. Nikasema moyoni, yule ni baba watoto, amewahi leo. Nikaendelea kukata tiketi.

Tulisimama mbele ya shule. Chuma akashuka, akaenda kwenye nguzo, nikamwona amesimama pale muda mrefu kuliko kawaida. Akarudi mikono mitupu, maji yanamtiririka kwenye ukingo wa kofia. Nikajipenyeza hadi mbele.

"Shemeji, fimbo iko wapi?"

"Kamuulize mumeo."

"Haipo?"

"Amepita nayo. Amenipita hapo juu sasa hivi, wewe mwenyewe umesikia kengele. Amekwenda na fimbo hospitali ili mimi nisimame hapa kama mlingoti wa bendera."

"Labda amesahau."

"Asahau?" Alicheka bila furaha. "Mkaguzi yuko sokoni leo, anangoja aone nani anachelewa. Na mumeo anajua, yeye na mabwana zake. Mtu aliyewauza wenzake kwenye mgomo atashindwa nini?"

"Usianze hayo. Tungoje. Atakapoteremka tena tutaichukua."

"Ningoje nini? Fimbo kazi yake ni kuniambia hakuna mtu chini. Mtu mwenyewe nimempita, yuko juu. Chini kuna nani? Paka?"

Na hapo ndipo aliponishinda, maana hesabu yake haikuwa na kasoro. Tramu za mstari huu ni mbili. Moja tumo ndani yake, ya pili imepanda. Lakini fimbo hatukuwa nayo. Kanuni ilitaka kondakta apige kengele mara mbili ndipo tramu iondoke, nami sikuigusa kamba. Nilisimama nimekunja mikono, nikamwambia, "Kengele sipigi." Hakuisubiri. Alisogeza mpini, tramu ikaanza kuteremka.

Abiria kadhaa walikuwa wamepanda pale shuleni. Mmoja wao alikuwa kinyozi, mtu mnene mwenye maneno mengi, ambaye duka lake lilitazamana na lango la karakana, hapohapo jirani na shule. Nilipomfikia kumkatia tiketi alikuwa akimsimulia jirani yake, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Kwani hukuiona? Wameitoa ile tramu ya wanafunzi wa udereva. Katika mvua hii! Mwalimu amemshika mwanafunzi mkono kama bibi harusi. Wamegonga nguzo ya lango, wakarudi nyuma, wakajaribu tena, ndipo wakapanda kuelekea hospitali. Mimi nimeacha kichwa cha mteja nusu nikaenda kutazama."

Tiketi zilinitoka mkononi.

"Saa ngapi?" nikamuuliza. "Hiyo tramu ya wanafunzi, imepanda saa ngapi?"

"Sasa hivi, dada. Mmepishana nayo."

Hapo nikaelewa. Chuma aliona tramu inakuja, akageuza uso wake pembeni kama alivyogeuza kila siku, na kwa hiyo hakuona aliyeushika mpini. Hakumwona mwalimu, hakumwona mwanafunzi. Aliona rangi ya kijani kwa pembe ya jicho akajua ni adui yake. Na mume wangu alikuwa chini, fimbo iko naye, anapanda na watu wa sokoni, na njia ilikuwa yake kwa haki yote.

Nikairukia kamba. Niliivuta mara tatu, nikaivuta tena mara tatu, na hiyo kwa madereva wote maana yake ni moja tu: simama. Halafu nikapiga kelele, "Si yeye! Shemeji, si yeye aliyepita! Yuko chini!"

Nitampa haki yake: hakuuliza. Mgongo wake ulikakamaa, mguu ukakanyaga kanyagio la mchanga, ule unaomwagwa relini ili magurudumu yasiteleze, mikono ikaanza kulizungusha gurudumu la breki. Magurudumu yalishikwa lakini tramu haikusimama. Iliteleza tu, ikipiga yowe, abiria wanaangukiana, mtu anamwita Mungu, mwingine anamtukana dereva. Kisha mchanga ukashika. Tulirushwa mbele wote, na juu ya paa nikasikia mlio wa chuma: mlingoti unaochukua umeme ulikuwa umechomoka kwenye waya. Taa zikazimika. Tukasimama.

Tulisimama juu ya kona, umbali wa kutupa jiwe. Kule mbele ukuta wa mawe ulipinda na kuficha kila kitu kilichokuwa chini yake. Bila umeme hatukuweza kurudi nyuma, hatukuwa na taa, na kengele ya mguu isingesikika kwa mvua ile. Chuma aligeuka akanishika mkono, akaubandika kwenye gurudumu la breki.

"Meno yake yameisha, halijifungi lenyewe. Lilalie. Ukiliachia mnakwenda."

"Na wewe?"

Alikuwa amesharuka. Nilimwona anakimbia katikati ya madimbwi, mtu wa umri ule, koti limemganda mgongoni, anateleza, anainuka. Niligeuza kichwa nikapaza sauti abiria washuke, washuke wote, wakae upande wa ukuta. Waliruka kwa vishindo. Kinyozi hakushuka. Alikuja akasimama ubavuni mwangu, akalishika gurudumu na mimi.

Hata hivyo tulikuwa tunasogea. Si kwa kasi, kidogo kidogo, chuma juu ya chuma, na kila tuliposogea niliegemeza kifua changu chote pale na kumwomba Mungu. Watu wanasema wakati wa hatari mtu anaona maisha yake yote. Mimi sikuona maisha yangu. Niliona koti la mume wangu nililolishonea kifungo asubuhi ile, na jinsi nilivyomgombeza kwa kukipoteza.

Chuma alifika konani, na wakati huohuo tramu ya mume wangu ikachomoza.

Ilikuwa imejaa, taa yake kubwa inamulika mvua, inapanda kwa nguvu. Mume wangu alikuwa amesimama mbele, kofia ameishusha. Chuma alikuwa kando ya reli, anapunga mikono yote miwili, anaita. Nilifurahi, ndiyo, nilifurahi kabisa, nikamwambia kinyozi, "Amemwona!" Maana nilimwona mume wangu akiinua kichwa na kumtambua kaka yake.

Alimtambua, halafu akageuza uso.

Akageuza uso ukutani, kama kawaida yake. Mikono haikutoka kwenye mpini. Wala sikumshangaa, hilo ndilo lililonitia wazimu. Miaka yote hiyo kila walipokutana alifanya hivyohivyo, na mwili wake ulikuwa umejifunza kufanya bila kumuuliza. Kaka yake amesimama njiani, basi tazama kwingine. Na kwa kutazama kwingine hakutuona sisi, tramu yenye giza inayomteremkia taratibu.

Nilipiga kelele mpaka koo likaungua. Niliita jina lake la nyumbani, lile nisilolitaja mbele za watu. Mvua ikalimeza.

Nilimwona Chuma akishusha mikono. Alisimama kidogo sana, kama mtu aliyekumbuka jambo. Kisha akaingia katikati ya reli, akamgeukia mdogo wake, akajisimika pale na miguu ameipanua. Na sauti yake, ile iliyokuwa ikiwapanga madereva mia langoni, nikaisikia hadi pale nilipokuwa.

"Nitazame! Wewe, nitazame! Nitazame mimi!"

Sauti hiyo haikuwa imemwelekea mume wangu tangu siku ya mgomo. Uso wake ukarudi. Nilimwona mdomo ukifunguka, mkono ukirudisha mpini, mwili mzima ukilala kwenye breki. Tramu inayopanda husimama upesi kuliko inayoshuka, lakini upesi si papo hapo. Mbele ya kila tramu kulikuwa na wavu wa chuma karibu na ardhi, uliowekwa baada ya watu wengi kusagwa na magurudumu, ili anayegongwa aokotwe badala ya kupita chini. Niliona ule wavu ukimfikia Chuma magotini. Niliona akianguka. Kisha kukawa hakuna kinachosogea kule chini ila mvua.

"Mawe!" kinyozi akawapigia abiria kelele. "Leteni mawe hapa, msitukodolee macho!" Wauguzi ndio waliokuwa wa kwanza. Walichomoa mawe kwenye sehemu ya ukuta iliyobomoka, wakayasukumiza chini ya magurudumu, tramu yetu ikaguna, ikatulia. Mikono yangu ilikataa kuachia gurudumu. Kinyozi alinibandua kidole kimoja kimoja.

Nilikimbia. Nilikuwa nimejaa hasira kiasi kwamba nilitaka kumkuta yuko hai ili nimpige. Nilikuwa na maneno ya kuwaambia wote wawili, ya miaka yote niliyobeba salamu zao zenye sumu jikoni kwangu.

Chuma alikuwa amelala ndani ya wavu, mguu mmoja umekaa vibaya, haukuwa tena unaelekea pale mguu unapopaswa kuelekea. Kofia ilikuwa imemtoka. Mume wangu alikuwa amepiga magoti kwenye maji, bado ameikumbatia fimbo kwapani bila kujua. Alikuwa akimwangalia kaka yake usoni. Alimwangalia kichwa kilichokuwa cheupe chote, na mashavu yaliyoingia ndani, na jicho moja lililoanza kupata mtoto wa jicho, ambalo mimi nililizoea kwa kuwa nililiona kila siku nikipokea nauli za watu.

Niliyokuja nayo mdomoni yalinikauka. Nikasimama.

"Kaka," mume wangu akasema. "Kaka, umezeeka lini?"

Chuma alikuwa ameuma meno kwa maumivu. Alifungua jicho lake zima, akamtazama mdogo wake, akamtazama sana.

"Wewe ulikuwa unaangalia wapi?" akamwambia.

Mume wangu alivua koti lake akamfunika, akamwekea mkono chini ya kichwa kisikae kwenye chuma, na walikuwa wangali wanatazamana wauguzi walipofika.